Mapumziko ya Marafiki Wawili Kisiwani Unguja kwa Wanaotoka Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mimi na rafiki yangu tuliporudi kutoka Unguja, ambako tulikaa siku tisa bila kufanya jambo lolote la maana, watu wa Kigoma na Ujiji wametuuliza maswali yale yale sokoni, msibani na hata kwenye foleni ya benki. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Yanamhusu mtu anayetaka kupumzika na rafiki mmoja, kwa hiyo anayekwenda fungate au anayeongoza kundi la watu arobaini atayaona yamepungua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chagueni kijiji kimoja cha pwani, mkae hapo, na muiache bahari iwapangie siku.

Tuna ziwa kubwa mlangoni. Kwa nini twende mbali hivyo kutazama maji mengine?

Swali hili ndilo la kwanza, na aghalabu huulizwa na mtu aliyesimama Kibirizi akiwa ameyapa maji mgongo. Ni kweli kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na kwamba maji yake ni maangavu. Anayetaka kuoga na kulala tu hana sababu ya kutoka nje ya mkoa. Lakini ziwa letu halipwi. Ukiuacha mtumbwi ufukweni jioni, asubuhi utayakuta maji pale pale ulipoyaacha, wakati pwani ya Unguja utaukuta umelala ubavu juu ya mchanga mkavu na maji yenyewe yakiwa mbali kama uzi mweupe. Kwa mtu aliyekulia kando ya ziwa, jambo hilo peke yake linatosha kumshughulisha siku kadhaa.

Kuna sababu nyingine inayomhusu mtu wa Ujiji hasa. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, na mwenye nguvu juu ya biashara hiyo alikuwa Unguja. Kanzu, nazi katika wali, maulidi na Kiswahili chenyewe vilipanda kuja kwetu kwa njia hiyo. Pembe za ndovu na watumwa vilishuka. Kwa hiyo mtu wa Ujiji anapokaa barazani Unguja hujiona yuko kwa jamaa ambao hawajaonana muda mrefu, ingawa atachekwa kidogo kwa lafudhi yake.

Anayetaka kisiwa bila kuliacha ziwa asikate tamaa, kwa kuwa viko visiwa vidogo karibu na Kipili, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Huko, hata hivyo, kufika kwa njia ya maji kunategemea meli, na ni vyema kuuliza bandarini kabla ya kuomba likizo.

Je, tuchague Unguja, Pemba au Mafia?

Kwa safari ya kwanza, Unguja, kwa sababu usafiri wa boti ni wa kila siku na vijiji vya pwani vina vyumba vya kila aina. Pemba ina vilima, mikarafuu na watalii wachache, nami naipenda, lakini anayetarajia fukwe ndefu za kutembea hadi jioni atalazimika kuzitafuta. Mafia ni ya mtu anayependa kuona viumbe vya baharini: papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na hifadhi ya bahari ya huko ilianzishwa mwaka 1995. Jambo moja nalikataza kabisa, nalo ni kuviunganisha visiwa viwili katika likizo moja ya juma moja, kwa sababu mtakumbuka magati na mabegi tu.

Tunafikaje kutoka Kigoma, na njia ipi haichoshi?

Njia zote zinachosha, ila zinachosha kwa namna tofauti. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilomita 1,250 hadi Dar es Salaam, na treni ya kawaida huimaliza kwa zaidi ya siku moja na usiku. Nawashauri marafiki wasio na haraka wakate behewa la kulala na waihesabu treni kuwa sehemu ya likizo. Uvinza, Kaliua na Urambo hupita mkiwa mnazoea kelele za magurudumu. Tabora treni husimama kwa muda mrefu, wauza asali hupita chini ya madirisha, na hapo ndipo mnapoanza kuzungumza yale ambayo nyumbani hamkupata nafasi ya kuyazungumza.

Tangu mwaka 2024 treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, inafanya kazi kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na wasafiri wengi wa kwetu sasa hushuka Dodoma, wakalala usiku mmoja, kisha wakapanda SGR siku inayofuata. Kulala huko kuna faida mbili: mtaoga, na hamtakuwa mnaombea treni moja isichelewe ili mwahi nyingine. Kituo cha SGR cha Dar es Salaam kiko katikati ya mji, jirani na gati la boti za Zanzibar, kiasi kwamba bajaji hukufikisha kabla hujamaliza kupatana na dereva. Basi hufika pia, ila miguu huvimba. Ndege kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ndiyo njia fupi kuliko zote, na mwenye likizo ya siku saba asione haya kuitumia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Tiketi zikatwe dirishani kwenye ofisi ya boti yenyewe. Vijana wanaowakimbilia abiria barabarani na kuwaambia kwamba nafasi zimekwisha hawasemi kweli mara zote, na rafiki yangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alilipia tiketi yake kwa kijana wa namna hiyo zaidi ya bei iliyokuwa imeandikwa ukutani hatua ishirini mbele yake.

Likizo iwe ya siku ngapi?

Kwa wanaosafiri kwa nchi kavu, siku kumi na nne za kalenda ni nzuri na kumi ndizo za chini kabisa, kwa kuwa kwenda na kurudi kunakula siku nne hadi sita. Mkiwa na siku saba hadi tisa za kisiwani, gaweni hivi: usiku mbili Mji Mkongwe, zilizobaki zote kijijini. Usiku mmoja kati ya hizo mbili uwe wa mwisho kabla ya boti ya kurudi, msije mkaamka alfajiri ya giza kutafuta gari.

Mtanzania anahitaji nyaraka gani?

Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar, lakini abebe kitambulisho cha Taifa, kwa sababu jina na namba hutakiwa wakati wa kukata tiketi na nauli ya raia hailingani na ya mgeni. Kwetu Kigoma wako wengi wenye marafiki wa Burundi na Kongo. Rafiki wa namna hiyo aje na pasipoti yake, akiwa pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na aulizie mapema bima ya lazima ya wageni wa nje ambayo Zanzibar iliianzisha tarehe 1 Oktoba 2024. Mtanzania haimhusu.

Majira gani yanafaa?

Mvua za masika huanza Machi na kwisha Mei, na nyumba nyingi za wageni za pwani hupunguza bei au hufunga kabisa kwa ukarabati. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusi huvuma: hali ya hewa ni ya kupendeza, jua haliunguzi, ila pwani ya mashariki huwa na upepo mkali na boti hutikisika. Mtu asiyezoea mawimbi ale kidogo kabla ya kupanda, akae nyuma karibu na katikati ya boti, na asijaribu kusoma simu. Desemba hadi Februari ni zamu ya kaskazi, joto linapanda na bahari hutulia, lakini wageni wa mwisho wa mwaka hujaa na bei hufuata. Ningepewa kuchagua, ningekwenda mwishoni mwa Septemba au mwezi wa Oktoba, wakati kusi imechoka na vuli haijakolea.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji kuzingatiwa, nao hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mchana mikahawa mingi ya kawaida hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa kwalo. Jioni, kwa upande mwingine, mji hufunguka kwa futari, uji wa pilipili manga na taa mpaka usiku mwingi. Mimi binafsi nisingeliepuka. Asiyefunga akae kijijini, ale ndani ya nyumba ya wageni, na aheshimu walio nje.

Tukae upande gani wa kisiwa?

Kaskazini, yaani Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali yanapopwa, kwa hiyo mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Ndiyo sababu pana watu wengi, muziki na boti za kila namna. Mashariki, kuanzia Matemwe kushuka hadi Paje na Jambiani, bahari hurudi nyuma sana na kuacha uwanda mpana wa mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Anayekwenda kuogelea tu aende kaskazini. Anayekwenda kupumzika na rafiki yake, kwa maana ya kukaa na kuzungumza na kutembea, aende mashariki, na kama hapendi sauti za vijana wanaovutwa na tiara za upepo juu ya maji aipite Paje na kuendelea hadi Jambiani.

Kabla ya kulipa chumba, ulizeni kwa simu swali moja tu: kutoka mlangoni hadi mchangani ni hatua ngapi, na je, kuna barabara katikati? Sisi tulioneshwa picha ya dirisha lenye bahari. Dirisha lilikuwapo, na bahari ilikuwapo, lakini kati yake palikuwa na ujenzi wa ghorofa ambao mpiga picha alikuwa ameukwepa kwa ustadi. Siku ya pili tulihama, tukaenda kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu na mnazi uliolala, na hatukuona sababu ya kugombana na mtu.

Maji kupwa na kujaa ni jambo gani hasa, na linatuathiri vipi?

Hili ndilo jambo ambalo mtu wa ziwa anapaswa kulielewa kabla ya yote. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa sita na dakika chache hali hubadilika, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Kwa hiyo ikiwa leo maji yamejaa saa sita mchana, kesho yatajaa karibu saa saba. Chanzo ni mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta kwa pamoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikifika takriban mita nne. Katikati, mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Katika siku za bamvua pwani ya Unguja hukauka katikati ya asubuhi, karibu saa nne. Ndipo wanawake wa Jambiani na Paje huteremka na kanga zao kiunoni kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kisiwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mambo, yaani vijiti vya kuchomeka mchangani, hupandwa kwa mistari, kamba hufungwa kati ya mambo mawili, na vipande vya mwani huning'inizwa juu ya kamba kwa vifundo vidogo. Mkulima huinama kwa muda wa saa tatu hivi, kwa sababu ikiingia saa ya nne ya kazi maji humfukuza. Mwani uliovunwa huanikwa juu ya makuti mbele ya nyumba, ukanyauka na kutoa harufu ambayo mtu wa Katonga ataifananisha na ya dagaa walioanikwa, ingawa si ile.

Asubuhi moja mimi na mwenzangu tuliamua kutembea hadi kwenye mwamba, kule mawimbi yanapovunjika. Tulipita katikati ya mashamba, tukamwamkia bibi mmoja aliyekuwa akifunga kamba, naye akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Tulipokuwa tumefika mbali akatupigia kelele: "Wanangu, maji yanarudi! Msitazame mbele, tazameni nyuma!" Tulitazama mbele, kwa sababu bahari iko mbele, nasi tukaona bado haijasogea. Tukaendelea kutazama nyota za baharini kwa muda wa kama robo saa. Hatukujua kwamba ardhi ya karibu na ufukwe iko chini kuliko ile tuliyosimama, na kwamba maji huingia kwanza kwa mikondo ya pembeni na kuijaza sehemu hiyo, yakikuacha wewe juu ya kisiwa kidogo cha mchanga. Tulirudi maji yakiwa kiunoni kwangu na kifuani kwa mwenzangu, aliye mfupi, simu zetu zikiwa zimefungwa ndani ya kanga juu ya kichwa chake. Bibi alikuwa ameshafika nyumbani na anaanika.

Tangu siku hiyo tulipanga kila kitu kwa maji. Yakipwa asubuhi tulitembea, tukarudi na kulala mchana, tukaogelea jioni yalipojaa. Juma lilipogeuka nasi tukageuka. Ratiba ya maji hupatikana kwenye simu, lakini kumuuliza mvuvi ni bora zaidi, kwa sababu atakuambia na upepo.

Mtu anayejua kuogelea ziwani anaweza kuogelea baharini bila wasiwasi?

Anaweza, kwa masharti. Chumvi huunyanyua mwili, kwa hiyo kuelea ni rahisi, na huko hakuna mamba wa kumwogopa. Linaloogopesha ni mkondo maji yanapopwa, hasa kwenye mlango wa mwamba, ambako nguvu yake humtoa mtu nje hata akiwa hodari. Vaeni viatu vya mpira kila mnapotembea majini, kwani vile viumbe vyeusi vyenye miiba kama ya nungunungu hujificha kwenye majani, na mwiba wake hukatikia ndani ya kisigino.

Tutakula nini?

Mtakula vizuri. Kijijini kuna pweza wa nazi, changu wa kukaanga, wali, na asubuhi chai ya viungo kwa mkate wa kumimina au boflo. Mjini, bustani ya Forodhani hugeuka jiko jioni: mishkaki, urojo, juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi. Urojo mle kwanza. Kuhusu samaki waliopangwa juu ya meza Forodhani, ulizeni bei ya kila kipande kabla hakijaingia kwenye sahani, na mchague kile ambacho mpishi amekipika mbele yenu, kwa sababu vingine huwa vimekaa. Mtu wa Kigoma atakosa mgebuka na atakosa mawese, hayo avumilie.

Marafiki wagawane vipi gharama bila kukosana?

Nimeona marafiki wa miaka kumi wakirudi kutoka safari ya siku tano wakiwa hawasemezani, na kila mara chanzo kilikuwa ni fedha ndogo: soda, nauli ya bodaboda, bakshishi. Fedha kubwa, kama nauli ya boti na chumba, haileti ugomvi kwa kuwa hujadiliwa mapema. Sisi tulifanya hivi. Kabla ya kuondoka Kigoma kila mmoja alitaja, bila kuona haya, kiasi ambacho angeweza kukitumia chote bila kukopa, na tukachukua kile cha chini kuwa kipimo chetu sote. Mwenye zaidi akakubali kwamba hatapendekeza mambo yaliyo juu ya kipimo hicho, wala hatajitolea kumlipia mwenzake kila mara, kwa maana anayelipiwa kila mara huacha kusema anachotaka.

Kisha tukatia kiasi sawa kwenye bahasha moja. Kila siku mmoja wetu alikuwa mshika bahasha, akilipa kila kitu cha pamoja na kuandika kwenye daftari dogo. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Vitu vya mtu binafsi, kama kanga, zawadi na salio la simu, havikuguswa na bahasha. Siku ya saba tulikuta imepungua kuliko tulivyodhani, tukakaa chini ya mnazi tukasoma daftari mstari kwa mstari, na tukagundua kwamba tulikuwa tukinywa madafu sita kwa siku. Hakuna aliyelaumiwa.

Shilingi ni ile ile, na malipo kwa simu hufanya kazi kisiwani. Mashine za kutolea fedha ni nyingi mjini na chache shamba, kama wenyeji wanavyoviita vijiji vya nje ya mji, kwa hiyo toeni fedha mjini kabla ya kuondoka.

Je, rafiki wa kike na wa kiume wanaweza kukodi chumba kimoja?

Baadhi ya nyumba za wageni, hasa zile zinazoendeshwa na familia, humtaka Mtanzania aoneshe cheti cha ndoa. Chukueni vyumba viwili. Hata marafiki wa jinsia moja nawashauri wafanye hivyo bei ikiruhusu, kwa sababu kukoroma hakuna mjadala.

Tufanyeje tukichokana?

Mtachokana, aghalabu siku ya tatu au ya nne, baada ya hadithi zote mlizokuja nazo kwisha. Mmoja aende mjini peke yake kwa gari la abiria, mwingine abaki. Mwenzangu alichukua siku nzima akikaa na vijana wanaotengeneza ngalawa, akarudi jioni na maneno kumi mapya na ukali wa jua shingoni, na tukazungumza mpaka usiku kana kwamba tumeonana baada ya mwaka. Kabla ya safari mwambieni mwenzenu waziwazi kwamba kutaka kuwa peke yako si kununa.

Mavazi yaweje?

Nguo za kuogelea ni za mchangani. Mkiingia kijijini au sokoni, mabega na magoti yafunikwe. Mtu wa Ujiji hahitaji kufundishwa jambo hili. Kanga mbili hutosha kwa kila kitu, pamoja na kubebea simu kichwani.

Mji Mkongwe una nini kwa mtu wa kwetu?

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni huzunguka wakipiga picha milango. Msiwafuate. Anzeni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Sisi tumekua tukipelekwa na walimu wetu kuona mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, pale Ujiji, penye miembe. Kuuona msalaba huo baada ya hapo kunaifunga hadithi kwa upande wake wa pili. Lakini hadithi hiyo haikutuhusu kwa sababu ya wazungu wawili. Shukeni kwenye vyumba vya chini vilivyo jirani, ambamo kwa maelezo ya waongozaji watumwa walifungiwa wakisubiri kuuzwa, na mkumbuke kwamba wengi wa waliofikishwa Unguja walipita kwa miguu katika njia inayopita nyuma ya nyumba zetu, na wengine walivushwa ziwa kutoka Manyema. Rafiki yangu, ambaye nasaba yake ni ya Wamanyema, alikaa kwenye ngazi za nje muda mrefu. Nilimwacha, nikaenda kununua maji.

Nyumba ya Tippu Tip, aliyeitwa kwa jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, iko Shangani, nayo kwa miaka mingi imekuwa makazi ya watu, kwa hiyo itazameni kwa nje na msigonge mlango. Mfanyabiashara huyo wa pembe na watumwa, ambaye misafara yake ilikata Unyamwezi hadi Kongo, alifia Unguja mwaka 1905. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020.

Na pomboo wa Kizimkazi, kima punju wa Jozani, kobe wa Changuu?

Chagueni kimoja. Mimi ningechagua Jozani, kwa sababu kima punju hawapatikani porini mahali pengine popote duniani nje ya Zanzibar, na wamezoea watu kiasi cha kukaa kwenye matawi juu ya kichwa chako wakila majani. Pomboo hufukuzwa na boti nyingi mno, sikufurahia kuona.

Tupeleke na kurudi na zawadi gani?

Kutoka kisiwani leteni halua, viungo vilivyofungwa kwa paketi ndogo na kanga. Msinunue kombe, matumbawe wala kitu chochote cha gamba la kasa. Kwenda huko, wenyeji wetu walifurahia dagaa wa Kigoma kuliko kitu kingine chochote, na bibi wa mwani aliomba wengine. Dagaa hao wafungwe mara tatu, kwa karatasi, kwa mfuko wa nailoni, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu boti ya mwendo kasi imefungwa madirisha na abiria wana pua.